Sukari Imepanda

Juzi mwalimu mwenzangu alifungua chupa ya asali ofisini, asali nyeusi ya misitu ya kwetu, akamimina kwenye chai yake ya rangi. Harufu ikanifikia kabla sijamaliza kusahihisha daftari nililokuwa nalo mkononi. Nikatoka nje, nikasimama barazani kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Alinifuata kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, ila asali situmii.

"Mnyamwezi gani wewe usiyetumia asali?" akacheka.

Nami nikacheka. Kuna mambo huwezi kumweleza mtu kati ya kipindi cha tatu na cha nne.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli, pale mtaani kwetu, Mtendeni. Harusi, maulidi, hitima, watu wakishapanga siku walikuja kwanza kwetu kumuuliza kama ana nafasi. Alikuwa mwanamke mnene kwelikweli. Kanga moja haikumzunguka, ilibidi ashone mbili pamoja, na alipokaa kwenye mkeka kuinuka kwake kulikuwa kazi ya watu wawili, mimi mkono wa kulia na dada yangu wa kushoto. Akinikumbatia nilipotea. Ndani mle mlikuwa na joto na harufu ya bizari nyembamba na moshi wa kuni, na sijapata tena mahali pa kujificha kama pale.

Unene wake ndio uliokuwa tangazo lake. Wanawake waliokuja kumwita kazini walimtazama mikono, wakatazamana, wakaridhika. "Mpishi mwembamba nani atamwamini?" alikuwa akisema, akijipiga paja, na wote wanacheka. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Mtu akikuambia umenenepa, ulimjibu alhamdulillahi. Kukonda ndiko kulikotisha. Ilikuwa miaka ile ambayo mtu alianza kupungua, suruali ikamlegea, macho yakaingia ndani, na baada ya muda tukaenda kuzika, na hakuna aliyetaja jina la ugonjwa.

Nilikuwa darasa la tatu Mama alipoanza kunywa maji mno. Alikunywa jagi zima akiwa amesimama, akajaza tena. Ngazi mbili za mlango wetu alizipanda kwa kituo, akishika ukuta na kuhema. Alisema miguu inamchoma kama amekanyaga makaa. Mwishowe alikwenda zahanati akanichukua nimsindikize. Nilikaa kwenye benchi nje ya pazia, nikasikia sauti ya nesi lakini si maneno yake, na Mama alipotoka alinishika mkono tukarudi nyumbani.

Jioni Baba alirudi kutoka kijiweni kwake, alikuwa fundi baiskeli, akanawa mikono yenye grisi akamuuliza, "Wamesemaje?"

"Sukari imepanda," alisema Mama.

"Sana?"

"Sana."

Baba akakaa kwenye kigoda. "Sasa tutafanyaje?"

"Itabidi nipunguze mimi. Nyinyi endeleeni tu, nyinyi hamna tabu."

Maneno yale niliyaelewa vizuri sana. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi dukani. Nilipotumwa robo ya sukari, mwenye duka aliegemea kaunta akasema, "Kamwambie mama sukari imepanda," nami nikarudi mbio nyumbani kuchukua nyongeza. Kwa hiyo nilijua kilichotokea. Sukari imepanda tena, safari hii imepanda sana, mpaka mtu mzima kaitwa zahanati kuambiwa. Na Mama ameamua kujinyima yeye ili sisi tuendelee kunywa chai tamu.

Tangu siku ile kila kitu nilichokiona kilinithibitishia. Chai yake hakuitia sukari. Sisi tulipakuliwa ugali kwenye sinia moja, yeye akajipakulia kwenye kisahani cha kikombe tonge la mtama lisilozidi ngumi yangu, na mlenda mwingi, au kisamvu kisicho na karanga. Mafuta ya kwake aliyapima kwa kijiko. Maandazi ya asubuhi alitukaangia, akatazama tunavyokula, halafu akaondoka mezani kwenda kufagia uwanja ambao ulikwishafagiwa. Mimi andazi langu nililikata. Nilimwachia nusu. Akanirudishia, "Kula, mama'ngu, mimi nimeshiba," na mimi nikajua kabisa kwamba hajashiba.

Kisha tukaanza kutembea. Alfajiri, akishasali, alivaa raba za zamani za Baba, akajitanda mtandio, akanigusa begani. "Twende mama'ngu." Peke yake asingeweza, maana mwanamke wa makamo anayetembea bila kikapu wala msiba wa kwenda kuhani angeulizwa kila nyumba anakwenda wapi. Mtoto alikuwa kisingizio chake. Tulishika barabara ya Kwihara, ile ya vumbi jekundu yenye miembe mikubwa iliyopandwa na misafara ya zamani. Nilidhani nauli ya treni nayo imepanda, na kwamba tunajizoeza ili siku moja twende kwa miguu mpaka Goweko, kwa Babu. Sikuuliza. Nilijisikia fahari kuwa nimegundua mwenyewe.

Siku za mwanzo hatukuvuka kalvati la kwanza. Alikaa juu ya saruji akajipepea kwa ncha ya mtandio, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Hapa walipita watu na meno ya tembo mabegani," aliniambia, "wanatoka Ujiji, wanakwenda pwani. Mimi nimebeba tumbo langu tu na nimeshindwa."

Lakini hakushindwa. Wiki chache baadaye tulilipita kalvati bila kukaa. Kisha tukafika kwenye matanuri ya matofali, kisha tukayapita. Njiani alinisimulia mambo ambayo nyumbani hakuwa na muda nayo, jinsi alivyokuwa mtoto akipanda miti kumsaidia babake kutundika mizinga ya nyuki, jinsi alivyokuwa mwepesi. Sikumwamini. Asubuhi moja mbuzi alichomoka porini na kamba yake ikiburuzika, na Mama, sijui kilichomwingia, akaanza kukimbia kumfuata. Hatua kumi, labda kumi na tano. Raba za Baba zikipiga vumbi, mtandio umeshuka mabegani. Hakumpata mbuzi. Aligeuka akanitazama, ameshika kiuno, anahema, na uso wake ulikuwa wa msichana nisiyemjua.

"Umeniona?" alisema. "Umeniona mimi?"

Nimejaribu mara nyingi kubaki pale, kwenye asubuhi ile, nisiendelee mbele.

Alipungua. Magauni yakarudi kwa fundi kubanwa, ngazi za mlangoni akazipanda akiimba, na kiatu akafunga kamba mwenyewe bila kuniita. Nesi alimwambia aendelee hivyohivyo. Ila nesi alikuwa mmoja na mtaa ulikuwa na watu wengi. Mama Hadija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumamosi, akaanza kuniuliza maswali huku amenibana kichwa katikati ya magoti yake.

"Mama yako anakula?"

"Anakula kidogo."

"Anakohoa usiku?"

"Hapana."

"Anatapika?"

"Hapana."

"Maskini," akasema, akavuta unywele mpaka machozi yakanitoka. Bombani nilisikia mwingine akisema wazi, bila hata kushusha sauti, kwamba yule mpishi anakwisha yule.

Halafu wakaja wanawake wawili wa familia iliyokuwa na harusi. Walikwishamwita Mama kazini tangu mwezi uliopita. Walikaa ukingoni mwa mkeka, maji waliyoletewa hawakuyagusa.

"Tumeona upumzike, dada," mmoja alisema. "Afya kwanza. Tumepata mtu mwingine."

"Mimi ni mzima," Mama alisema. "Nimepunguza mwili tu. Hospitali wameniambia nipunguze."

"Ndiyo, ndiyo, tunaelewa," wakasema kwa pamoja, na hawakumtazama usoni. Aliwasindikiza mpaka nje kwa adabu zote. Kisha akarudi akachukua mwiko wake mrefu, ule wa pilau, akauosha ingawa ulikuwa safi.

Baba alikuwa mtu mpole. Sijawahi kumsikia akimgombeza Mama. Lakini jioni ile alizungumza huku akiitazama miguu yake. "Watu wanasema, mke wangu. Pale kijiweni wananiuliza kama na mimi nimekwenda kupima. Kula kidogo. Kula watu waone."

"Nikila nakufa," Mama alisema. "Nisipokula nimekwishakufa."

Nilikuwa mlangoni. Sikuelewa sentensi yote. Nilichukua kipande changu, kwamba asipokula atakufa, kikaungana na yale ya bombani, na kikaungana na sukari. Mama yangu alikuwa anakufa kwa njaa kwa ajili yetu, na watu wazima wote walikuwa wanaona na hakuna aliyefanya kitu.

Wiki ile ile Babu alikuja kwa treni kutoka Goweko na dumu la asali. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mikono imejaa makovu ya nyuki.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Mama. Siku zote alimwita binti yake mayu, yaani mama, kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akamtazama. Akaendelea kumtazama mpaka Mama akaingia jikoni. Alikaa siku mbili. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mpaka njia kuu, na pale akainama, akaniambia sikioni, "Mwangalie mama yako. Usimwache."

Asali kwetu ilikuwa dawa. Ukikohoa, asali. Ukiungua, asali. Mtoto akizaliwa dhaifu, asali. Na asali haikupanda bei, iliingia nyumbani kwetu bure mgongoni mwa Babu. Nilishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Uji wake wa asubuhi nilikuwa naukoroga mimi. Tukirudi kutembea yeye alikwenda kuoga, nami nikabandika uji wa ulezi na kuukamulia ndimu, ndiyo ladha pekee aliyoruhusiwa. Asubuhi hiyo nilichota vijiko viwili vya asali nikakoroga mpaka vikapotea. Alikaa, akapuliza, akanywa funda moja. Akaishia hapo hapo, kikombe kikiwa hewani.

"Nani amekoroga uji?"

"Mimi."

"Umeweka nini?"

"Ndimu."

Alinitazama, akakitazama kikombe. Kisha akasema, "Una mkono wa upishi wewe," akanywa mpaka mwisho, na kilichobaki ukingoni akakifuta kwa kidole akakilamba.

Kesho yake nikaweka vijiko vitatu. Baada ya hapo sikuhesabu. Niliendelea masika yote, mpaka dumu likabaki tupu, likilia likitikiswa. Mvua zilipochachamaa barabara ya Kwihara ikawa tope, tukakosa siku moja kutembea, kisha mbili, kisha raba za Baba zikapata ukungu nyuma ya mlango. Maandazi hakuyakimbia tena. Mashavu yake yakarudi. Kanga zikashonwa tena mbilimbili, wale waliokuwa wakinong'ona wakampokea kwa vigelegele, "Sasa umerudi! Sasa ndiwe wewe!" na shughuli zikaanza kuja. Baba alirudi akipiga mluzi. Nami nilitembea mtaani nimeinua kichwa, kwa sababu nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Mimi ndiye niliyemponya.

Nilikuwa darasa la sita alipokanyaga msumari. Ilikuwa kwenye harusi, alikuwa anapalia makaa juu ya mfuniko wa pilau, na ubao mmoja wa kuni ulikuwa na msumari uliotokeza. Hakusikia maumivu. Hilo ndilo lililotutisha baadaye. Alipika, akapakua, akarudi nyumbani, na dada yangu ndiye aliyeona damu imeganda kwenye kandambili. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Tulikiosha kwa maji ya chumvi. Hakikupona. Kikachimba, kikanuka, mguu ukabadilika rangi, na tulipompeleka hospitali daktari aliutazama akamwita Baba pembeni. Waliukata chini ya goti.

Wodini kulikuwa na nesi wa makamo, mtu wa taratibu. Siku moja alimweleza Baba chakula atakachokula Mama akitoka, na mimi nilikuwa pale na bakuli la supu.

"Sukari yake imepanda mno, na nadhani imekuwa juu kwa miaka," alisema.

Niliuliza, "Sukari gani?"

Alinigeukia, hakunicheka. "Sukari ya kwenye damu, mwanangu. Mwili wa mama yako unashindwa kuitumia. Anaipata kwenye ugali mwingi, wali, maandazi, soda, asali. Akipunguza vyakula hivyo na mwili ukipungua, akatembeatembea, inashuka."

Niliweka bakuli chini. Nilitoka nje ya wodi nikashika ukuta, ulikuwa umepakwa chokaa, na chokaa ikanibaki kiganjani. Nilikaa na jambo lile miaka mitatu. Sikumwambia dada yangu, sikumwambia Baba. Nilipika uji wa Mama bila kitu chochote, hata ndimu nilimwachia akamue mwenyewe, na kila alipokunywa funda la kwanza mimi nilitazama pengine.

Nilimwambia nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, magongo yake yameegemezwa ukutani, anachambua mchele kwenye ungo. Wakati ule watu walikuwa wakimletea kazi za kukaa. Nilipiga magoti mbele yake kama ninayetaka kumsaidia.

"Mama, ule uji. Wakati ule tulipokuwa tunatembea."

"Najua," alisema.

"Niliweka asali."

"Najua, mwanangu. Tangu siku ya kwanza. Mimi nikipita nje ya nyumba ya watu pua yangu inaniambia chumvi imezidi, nitashindwa kuijua asali ya baba yangu?"

"Sasa kwa nini ulikunywa?"

Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine. "Nilikuwa na njaa," alisema. "Miezi ile yote nilikuwa na njaa, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Majirani wanasema nakufa, baba yako ananiambia kula watu waone, na wewe mtoto unanipa kikombe bila kusema kitu. Nikanywa."

"Nilidhani sukari imepanda dukani. Nilidhani unatuachia sisi."

Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Hakuwa amelijua hilo. Niliona linavyomwingia, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu nikamwona analia. Hata hospitali hakulia. Baadaye alijifuta kwa kanga akaniambia kwamba kwenye mashughuli alikuwa akionja, halafu akionja tena, na akirudi nyumbani anasema hajala. "Usijibebeshe," alisema. "Haikuwa asali peke yake."

Alikuwa mkweli, mama yangu. Angeweza kusema haikuwa asali. Alisema haikuwa asali peke yake, na neno lile nimeishi nalo.

Alijitahidi baada ya hapo. Alikula kama nesi alivyomwandikia, na sisi wote tukala alichokula yeye, sinia moja, mlenda kwa wote. Hilo tungelifanya tangu siku ya kwanza. Alizunguka uwanja kwa magongo asubuhi na jioni, mizunguko kumi, mimi nikihesabu kwa sauti. Lakini figo zilikuwa zimekwishachoka. Alifariki nikiwa kidato cha nne, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, na walioubeba mwili walipokezana mara nyingi njiani kuelekea makaburini.

Siku hizi nina binti wa miaka tisa. Nikipima presha au sukari namweka karibu, namwambia maneno yote, hata yale anayoyachoka. Tunatembea naye jioni. Wakati mwingine ananiuliza bibi yake alikuwaje, namwambia alikuwa mpishi, na siku moja nilimwona akikimbia.

Siku ya arobaini ya Mama wanawake wa mtaa mzima walikuja kupika. Walipika pilau kwenye masufuria yake. Mama Hadija ndiye aliyepakua, macho yamemvimba kwa kulia, kwa sababu alimpenda Mama, hilo sijawahi kulitilia shaka. Alinijazia sahani mpaka wali ukamwagika pembeni, akaongeza nyama juu, akanikalisha kwenye mkeka na kunikazia macho.

"Kula, mwanangu. Umekonda mno. Watu watasema tumekutupa."

Wanawake wengine waligeuka kunitazama. Wote walikuwa wananionea huruma. Nikanawa mkono, nikala, tonge baada ya tonge, mpaka nikaona maua yaliyochorwa ndani ya sahani. Sikuwa na njaa.